Pikapu mpya na kasoro zake ndogondogo: mwongozo kamili wa kuzibaini na kuzimaliza

Pikapu mpya huungwa kwa maelfu ya vipande, hupakiwa melini au juu ya lori, hukaa uwanjani juani kwa wiki hata miezi, halafu siku moja huoshwa upesi upesi ili ukabidhiwe ufunguo. Kwa safari ya namna hiyo si ajabu ukakuta mlango mmoja unataka kusukumwa kwa nguvu kuliko wenzake, klipu imechomoka chini ya bampa, au kuna kitu kinagonga ndani ya dashibodi kila ukiingia barabara ya changarawe. Kasoro hizi karibu zote zinatibika, na nyingi zinatibika bila mwenye gari kutoa hata senti. Kinachozigeuza kuwa hasara ni pupa. Mtu anabandua plastiki kwa bisibisi na kuvunja meno yake ya kushikilia. Fundi wa muuzaji anapiga rangi mlango mzima kwa sababu ya punje moja ya vumbi. Ndiyo maana mwongozo huu unakawia kwenye kutafuta chanzo na kuandika, halafu ndipo unashika spana.

Hatua ya 1: Kagua kabla ya kusaini

Omba gari liwe limeoshwa na kukauka, limesimama mahali tambarare, na iwe mchana. Usikubali kulipokea kwenye mvua wala jioni. Maji juu ya rangi huficha mikwaruzo yote midogo, na taa za ukumbi wa mauzo hupendezesha kila kitu. Nenda na tochi, kitambaa laini, simu yenye chaji na kadi ya benki.

Kadi ni ya kupimia. Unene wake kwa viwango vya kimataifa ni milimita 0.76, kwa hiyo kadi nne zikishikanishwa zinakupa milimita 3 hivi. Mapengo kati ya mlango na mlango, au boneti na fenda, mara nyingi huwa kati ya milimita 3 na 5. Usihangaike sana na namba yenyewe. Tazama kama pengo lina upana uleule kutoka juu hadi chini, na kama upande wa kushoto unafanana na wa kulia. Pengo lililo jembamba juu na pana chini linaonyesha kwamba mlango umekaa upande kwenye bawaba zake, na hilo linarekebishika. Kisha pitisha vidole juu ya maungio. Vidole huhisi bati lililojitokeza kuliko jirani yake hata pale macho yanapodanganyika.

Kwenye rangi, chuchumaa kando ya gari na utazame ubavu wake wote kwa mshazari. Unatafuta vumbi lililonaswa ndani ya rangi, rangi iliyochuruzika na kuganda, na sehemu ambayo rangi yake haifanani kabisa na ya jirani. Ukiweza kuazima kipima unene wa rangi, kitumie. Rangi ya kiwandani kwa kawaida husoma kati ya mikroni 100 na 180. Mlango mmoja ukisoma 300 ilhali wenzake wote wanasoma 130, mlango huo umepigwa rangi tena baada ya kutoka kiwandani, na una haki ya kuuliza kwa nini. Hakikisha kipima kinafaa kwa bati la gari lako: F-150 ya Ford, kwa mfano, ina bodi ya aluminiamu tangu toleo la 2015, na kipima kinachotegemea sumaku peke yake hakisomi kitu pale.

Nyuma, fungua na ufunge mlango wa keria, yaani sehemu ya kubebea mizigo, mara kadhaa. Ukishafungwa, ushike kwa mikono miwili na uutikise; haupaswi kucheza. Lala chini utazame chesisi kwa tochi: waya unaoning'inia, mpira wa breki unaogusa chuma, kifuniko cha plastiki kilichokosa bolti. Alama za minyororo iliyofungia gari safarini huonekana hapo pia. Kutu nyepesi ya juu juu kwenye vichwa vya bolti na kwenye ekzosi isikutishe. Kutu inayochipuka kwenye maungio ya kuchomelea ni habari nyingine.

Ndani, bonyeza kila swichi, bila kuruka hata moja. Kila kioo kipande na kushuka hadi mwisho, kila mkanda uvutwe wote na uachwe urudi wenyewe, kila kiti kisogezwe mbele na nyuma. Halafu teremsha tairi la akiba kutoka chini ya keria kwa kutumia jeki na vyuma vyake. Watu wengi hugundua kwamba winchi ya tairi imekwama, au spana haikuwekwa, siku ile wanayopata pancha gizani.

Mwisho, pima upepo wa matairi. Magari yanaposafirishwa hujazwa upepo kupita kiasi ili matairi yasibonyee upande mmoja yakisimama muda mrefu, na aliyepaswa kuupunguza husahau. Kipimo sahihi kiko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Pikapu yenye upepo mwingi hurukaruka na kutetema, na mwenye gari huanza kulaumu shokapu ambazo hazina kosa.

Yote uliyoyaona yaandikwe kwenye fomu ya makabidhiano, pande zote mbili zisaini, nawe ubaki na nakala. Mchubuko ulioandikwa siku ya kwanza ni wa muuzaji. Ukiutaja siku ya tatu, utabishaniwa.

Hatua ya 2: Jua ni kipi kasoro na kipi maumbile ya pikapu

Wengi wanaotoka kwenye gari dogo na kuingia kwenye pikapu hupeleka gereji vitu ambavyo havikuharibika. Wakifanya hivyo mara mbili tatu, fundi huanza kuwasikiliza kwa sikio moja, na siku wakija na tatizo la kweli wanapata tabu.

Pengo kati ya kebini na keria ni la makusudi. Pikapu nyingi zimejengwa juu ya chesisi ya ngazi, yaani fremu ya chuma yenye umbo la ngazi, kebini na keria zikiwa ni maboksi mawili yaliyokaa juu yake kila moja peke yake, kebini ikilalia raba. Tairi moja likipanda juu ya jiwe, chesisi hujipinda kidogo, na pengo hilo hupanuka upande mmoja na kubana upande wa pili. Ukilipima gari likiwa limeegeshwa kwenye mteremko au tairi moja likiwa juu ya ukingo wa barabara, utapata vipimo vya uongo. Lipime kwenye sakafu tambarare. Hata hapo, tofauti ya milimita chache kati ya kushoto na kulia si jambo la kupoteza usingizi, maadamu kebini na keria havigusani.

Nyuma kuruka ikiwa tupu ni kawaida pia. Springi zake zimetengenezwa zibebe mzigo. Zaidi ya hapo, pikapu nyingi za magurudumu manne yanayounganishwa kwa kubadili gia hazina difu ya katikati, yaani gia inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti. Ukiunganisha mbele na nyuma kwenye lami kavu na kukata kona kali, gari litakaza, litavuta, pengine litatoa mlio. Hilo ni kosa la matumizi. Toa gari kwenye hali hiyo kabla hujaumiza kitu.

Ukungu mwembamba ndani ya taa ya mbele baada ya kuosha gari, unaotoweka taa zikiwaka kwa muda, ni kawaida kwa sababu taa zina matundu ya kupumulia. Matone makubwa au maji yaliyotuama ndani yake si kawaida. Diski za breki kuvaa kutu usiku mmoja wa unyevu na kusafika baada ya breki chache ni kawaida. Harufu ya kitu kinachoungua siku za mwanzo, wakati nta na mafuta ya kiwandani yanayeyuka kwenye ekzosi, ni kawaida. Harufu ya petroli au dizeli si kawaida hata siku moja.

Hatua ya 3: Fungua daftari

Daftari la karatasi au la simu, lolote, lakini liwe moja. Kila kasoro iandikiwe tarehe, kilomita za siku hiyo, hali ya hewa, mwendo, aina ya barabara, na kama keria ilikuwa tupu au na mzigo. Piga picha mbili: moja ya mbali inayoonyesha kasoro iko wapi kwenye gari, nyingine ya karibu yenye rula au kadi kando yake. Kelele irekodiwe na abiria.

Andika unachokisikia na kukiona, usiandike unachodhani. "Shokapu ya nyuma imekufa" inampeleka fundi kwenye shokapu. Akiikuta nzima, anafunga kazi. Linganisha na hii: "Mlio mmoja mkavu wa kugonga, nyuma kushoto, kwenye matuta ya changarawe, mwendo wa 30 hadi 40, asubuhi tu, keria tupu." Fundi akipewa maelezo hayo anajua alipeleke gari wapi na ategee sikio upande gani.

Yaache malalamiko madogo yajikusanye, upeleke gari mara moja kwa orodha nzima badala ya kwenda kila wiki. Isipokuwa yale ya hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Yasiyosubiri orodha

Peleka gari siku hiyohiyo, au ulisimamishe kabisa, ukiona mojawapo ya haya: harufu ya mafuta, kanyagio la breki linalozama, usukani unaokwama au wenye mchezo, taa ya mfuko wa hewa iliyokataa kuzima, mkanda usiofunga, mlango unaoweza kufunguka ukiwa mwendoni, waya au bomba linalosuguliwa.

Hapo usidanganywe na udogo wa kipande. Aprili 2024 Tesla iliwaita wenye pikapu zake za Cybertruck, magari 3,878, kwa sababu ya bamba la chuma la urembo lililofunika kanyagio la mafuta. Sabuni ilikuwa imetumika kulirahisishia kuingia wakati wa kuunganisha, ikabaki, na bamba likaweza kuteleza mbele na kunaswa kwenye plastiki iliyo juu ya kanyagio, gari likabaki limekanyagiwa mafuta. Kipande hakikuwa na kazi nyingine ila kupendeza. Kwa hiyo kila kilicholegea karibu na miguu ya dereva, likiwamo zulia la sakafuni lisiloshikiliwa na vishikizo vyake, kichukulie kuwa jambo la usalama.

Ukishaainisha hayo, yaliyobaki yapange mafungu mawili: yatakayozidi kuwa mabaya yakiachwa, yaani maji yanayoingia na chuma kilicho uchi, na yale yanayokera tu. Fungu la kwanza litangulie.

Hatua ya 5: Iwindeni kelele mkiwa wawili

Usitafute kelele peke yako. Dereva anayetega sikio haendeshi vizuri, na sauti ndani ya kebini hurushwa na kioo cha mbele ikaonekana imetoka upande isikotoka.

Anza kwa kutoa kila kitu: mifuko ya milango, kisanduku cha mbele, chini ya viti, nyuma ya kiti cha nyuma panapokaa jeki. Miwani ndani ya kisanduku chake cha darini na klipu ya mkanda inayogonga nguzo vimewapeleka watu gereji bure. Kaza jeki mahali pake, kaza tairi la akiba. Kisha chagueni kipande kimoja cha barabara mkirudie kwa mwendo uleule. Abiria abonyeze kwa kiganja sehemu moja moja: juu ya dashibodi, kingo za skrini, paneli ya mlango, plastiki ya kati. Kelele ikinyamaza chini ya kiganja, bandikeni hapo kipande cha mkanda wa karatasi wa wapaka rangi kama alama, msonge mbele.

Mlio wa plastiki juu ya plastiki mara nyingi hubadilika na joto; huja asubuhi na kupotea mchana, au kinyume chake. Dawa yake ni kitambaa chembamba cha felti chenye gundi, kibandikwe pale vipande viwili vinapogusana. Raba ya mlango inayolia ifutwe vumbi, ipakwe grisi ya silikoni nyembamba sana. Usipake mafuta ya injini wala grisi ya kawaida kwenye raba. Huivimbisha na kuilainisha mpaka inaharibika.

Mlango wa keria unaogonga huwa na vitako vidogo vya raba pande zake. Kwenye baadhi ya magari vinazungushwa ili vitoke nje kidogo na kuubana mlango; kama vyako havizunguki, mwachie fundi arekebishe kitasa. Springi za nyuma zenye bapa za chuma zilizopangana hulia mchanga ukiingia kati yake. Zioshe kwanza kwa maji mengi. Ikiwa mlio unaendelea, fundi atazame vile vipande vya plastiki vilivyo kwenye ncha za bapa, kwani huchomoka.

Kelele ya upepo ina njia yake, nayo ni nzuri mno. Chukua ule mkanda wa karatasi uzibe maungio yote ya upande unaolia: ukingo wa mlango, kitako cha kioo cha pembeni, ukingo wa kioo cha mbele. Endesha kwa mwendo uleule. Kelele ikiwa imekwisha, bandua mkanda kipande kimoja, endesha tena. Kipande ambacho kikitolewa kelele inarudi ndicho kinachoonyesha mahali. Piga picha mkanda ukiwa hapo na umpelekee fundi.

Onyo moja. Ndani ya nguzo zilizo kando ya kioo cha mbele, juu ya milango, na pembeni mwa viti hukaa mifuko ya hewa. Usibandue plastiki za sehemu hizo, wala usizijaze sponji ili zisigonge. Ukiona waya au soketi za manjano, funga ulipofungua. Hapo ni kazi ya fundi mwenye vifaa.

Hatua ya 6: Maji ndani ya kebini

Hii ndiyo kasoro ninayoiogopa kuliko zote katika fungu la zile zinazoitwa ndogo. Sponji iliyo chini ya zulia hunywa maji na kukaa nayo wiki nzima huku juu pakionekana pakavu, na magari mengi ya sasa yana waya na visanduku vya umeme chini ya viti. Baada ya muda vituko vya umeme vinaanza na hakuna anayekumbuka mvua iliyovileta.

Kwanza jua ni maji gani. Yakiwa matelezi na yenye harufu tamu, ni ya kupozea injini kupitia hita; nenda gereji. Zulia likilowa siku ya jua kali baada ya kuwasha kiyoyozi, bomba la kutolea maji ya kiyoyozi limeziba au halikuchomekwa vizuri, na hutaona yakidondoka chini ya gari kama inavyopaswa. Likilowa baada ya mvua au kuosha gari, fanya jaribio lifuatalo.

Toa mazulia, inua kingo za zulia kubwa, kausha. Tandaza karatasi za gazeti sakafuni na chini ya kioo cha nyuma, maana karatasi huonyesha tone moja. Mwenzako akae ndani na tochi, milango ifungwe. Wewe chukua mpira wa maji bila kubana mdomo wake, maji yatoke taratibu. Usitumie mashine ya kuoshea yenye presha; hupenyeza maji hata kwenye gari zima kabisa.

Anzia chini, upande juu. Ukianzia paani, maji yatatelemka kote na hutajua yameingilia wapi. Mwagia sehemu ya chini ya mlango dakika tatu hadi tano, ungoje. Kisha kitako cha kioo cha pembeni. Kisha pembe za kioo cha mbele. Kisha kitako cha antena. Kwenye pikapu kuna sehemu mbili za kuzishuku mapema: kioo cha nyuma, hasa kile cha kutelezesha, na taa ya tatu ya breki iliyo juu yake. Taa hiyo hukaa juu ya tundu lililokatwa kwenye bati la paa, na kati yake na bati kuna raba nyembamba tu. Skrubu isiyokazwa sawasawa inatosha kupitisha maji. Hupita juu ya dari ya kitambaa, hushuka nyuma ya kiti cha nyuma, na huonekana sakafuni mbali kabisa na yalikoingilia. Mwenzako atazame kitambaa cha dari kwenye pembe zile za nyuma, akipapase.

Raba za milango zina jaribio lao jepesi. Funga mlango juu ya kipande cha karatasi, ukivute. Kitoke kwa kukaza. Kikiteleza bila upinzani mahali pamoja, hapo raba haibani.

Ukipata mahali, simama. Usipake silikoni juu. Silikoni ya kupaka ovyo hugeuza njia ya maji yakaingilia kwingine, na ile yenye harufu ya siki huweza kula chuma. Zaidi ya yote, inampa muuzaji sababu ya kusema umeharibu mwenyewe. Rekodi video ya tone likiingia, peleka gari, udai kwamba zulia liinuliwe na sponji ikaushwe, maana kuziba tundu peke yake ni nusu ya kazi.

Hatua ya 7: Mlango mgumu kufunga

Shusha kioo, ufunge mlango huohuo. Ukifunga kwa wepesi, kinachokuzuia ni hewa iliyobanwa ndani ya kebini pamoja na raba mpya ambazo bado ni ngumu. Zitalainika baada ya muda wa matumizi. Ngoja.

Ukibaki mgumu, au ukifunga lakini ukingo wake umejitokeza nje, fungua mlango nusu na uuinue kwa mkono kutoka ukingoni. Ukicheza juu na chini, tatizo liko kwenye bawaba, mwachie muuzaji. Usipocheza, tazama chuma chenye umbo la U kilicho kwenye nguzo, ambacho kitasa hukikamata. Alama ya kusuguliwa upande wa juu au wa chini itakuambia kitasa kinagonga wapi.

Gari likiwa ndani ya waranti, hata hili ni la muuzaji. Kama umeamua kulifanya mwenyewe, chora kwa penseli kuzunguka kitako cha chuma hicho ili ujue kilipokuwa. Legeza bolti zake, ambazo mara nyingi ni za kichwa cha nyota, zilegee tu bila kutoka, kwa sababu kwenye baadhi ya magari bamba la ndani huanguka ndani ya nguzo na kulitoa ni balaa. Sogeza chini ya milimita moja. Kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha mtengenezaji. Funga mlango taratibu: usikie mibofyo miwili. Mlango unaoishia kwenye mbofyo wa kwanza haujafunga, na gari halipaswi kuondoka.

Hatua ya 8: Rangi, na kwa nini usikimbilie kupiga upya

Kiwandani, rangi ya juu huokwa kwenye joto la nyuzi 140 hivi, wakati bodi bado ni chuma kitupu. Gereji haiwezi kufika huko. Gari lina matairi, plastiki na waya, kwa hiyo rangi ya gereji huokwa kwenye nyuzi 60 hivi, na ni ya aina nyingine. Fundi hodari anaweza kuifanya ipendeze sana, lakini umebadilisha kitu cha kiwandani kwa kitu kisichofanana nacho. Kwa punje ya vumbi au mkwaruzo mwepesi, mimi ningekataa kupigiwa rangi upya hata kwa bure.

Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Usiponasa, mkwaruzo uko kwenye koti la juu lisilo na rangi, na kung'arisha kunatosha. Kumbuka koti hilo lina mikroni 40 hadi 50 tu, chini ya unene wa karatasi ya kuandikia, na kila unapong'arisha unapunguza. Kazi hiyo ifanywe mara moja, na mtu anayeijua.

Ukinasa, au ukiona chuma, tumia rangi ya kugusia yenye msimbo uleule ulio kwenye kibandiko cha gari. Safisha kwa spiriti, acha ikauke, weka praima kwenye chuma kilicho uchi, kisha rangi tone kwa tone kwa ncha ya kijiti, tabaka nyembamba kadhaa zikikauka katikati, halafu koti la juu. Haitapotea machoni kabisa, lakini kutu haitaingia. Fanya hivyo pia kwenye kila tundu litakalotobolewa ndani ya keria na wafungaji wa vifaa.

Hatua ya 9: Mtetemo, kuvuta upande, na umeme

Usukani ukitetema kati ya kilomita 80 na 110 kwa saa na kutulia chini ya hapo, omba balansi ya magurudumu ya mbele. Gari likivuta upande mmoja, sawazisha upepo kwanza, ujaribu barabara tambarare, kwani barabara nyingi zimeinamia ukingoni ili maji yatoke. Likiendelea, fundi abadilishane matairi ya mbele kushoto na kulia, kama si ya kuzunguka upande mmoja tu. Likianza kuvuta upande wa pili, kosa ni la tairi. Lisipobadilika, wili alaimenti.

Umeme ukileta vituko vingi visivyohusiana, pima betri gari likiwa limepumzika saa kadhaa. Volti 12.6 ni betri iliyojaa; 12.2 imebaki nusu hivi, na gari lililokaa uwanjani muda mrefu hufika huko kirahisi. Kagua vichwa vya betri vimekazwa. Baada ya hapo uliza kama kuna programu mpya ya gari.

Hatua ya 10: Kwa muuzaji

Soma kijitabu cha waranti kabla ya kwenda, hasa sehemu ya marekebisho. Waranti ya gari zima inaweza kuwa ya miaka mitatu au zaidi, lakini kukaa kwa milango, mapengo, kelele, wili alaimenti na balansi watengenezaji wengi huvilipia kwa muda mfupi zaidi, mara nyingi miezi 12 ya kwanza au hadi kilomita 20,000, kimojawapo kitakachotangulia. Hapa ndipo wengi wanapopoteza haki yao wakingoja.

Usifunge bampa la chuma, taa za ziada wala kifuniko cha keria kabla malalamiko ya kwanza hayajamalizwa. Kila ulichoongeza kitatajwa kuwa ndicho chanzo.

Nenda na orodha iliyochapwa na picha. Mpe mpokeaji wa magari kwenye gereji ya muuzaji namba ya chesisi, ile yenye herufi na tarakimu 17, umwombe atazame mambo mawili: kama gari lako limo kwenye wito wowote wa mtengenezaji wa kurudisha magari, na kama kiwanda kimetoa taarifa ya kiufundi kwa mafundi kuhusu dalili zako. Taarifa hizo zipo kwa wingi, zina maelekezo ya ukarabati, na mara nyingi hazitafutwi mpaka mteja aulize.

Kelele na mtetemo usiviache kwa maelezo. Omba fundi mwenyewe, siyo mpokeaji, mwende naye barabarani, wewe ukiendesha hadi kelele itoke, kisha yeye aendeshe. Kila lalamiko liandikwe kwenye jobu kadi kwa maneno yako. Wakisema hawakuona tatizo, hilo nalo liandikwe, pamoja na tarehe na kilomita. Likirudi baada ya waranti kwisha, karatasi hiyo ndiyo ushahidi kwamba ulilileta mapema. Ongea kwa upole na bila kuachia. Fundi anayeheshimiwa hujitahidi, na mara nyingi ndiye atakayekudokeza dawa ambayo mpokeaji haijui.

Wakati wa kuchukua gari, rudia ukaguzi wa hatua ya 1 kwenye sehemu zilizoguswa. Bonyeza kingo za kila plastiki iliyofunguliwa kuona klipu zimeingia zote. Tafuta alama za bisibisi na mafuta ya mikono kwenye dari. Kama ni maji, rudia jaribio la mpira palepale uwanjani kwao, karatasi za gazeti zikiwa sakafuni. Kama ni kelele, pita kwanza kwenye barabara ile inayoitoa. Saini baada ya hapo.